Usiulize ukubwa wa boga, tazama kikonyo

Kwenye kibanja cha Mhaya, ndizi ni chakula, kahawa ni ada ya shule, maharage ni mboga. Boga halitajwi. Mbegu hutupwa kando ya samadi, mmea ukatambaa wenyewe chini ya migomba, kuanzia viunga vya Bukoba hadi Kamachumu kule Muleba. Na kwa kuwa halina anayelijali, hununuliwa ovyo: kubwa ndilo zuri.

Si kweli. Geuza boga utazame kikonyo. Kikiwa kinene, cha mviringo, chepesi kama kizibo cha chupa, hilo ni la jamii ya yale makubwa. Yaliyokomaa vizuri huwa na unga. Kikiwa kigumu, chenye pembe tano na kutanuka pale kinaposhika tunda, ni jamii ya pili, ambayo nyama yake mara nyingi ni ya rangi ya chungwa na tamu zaidi. Zote mbili zimetoka Amerika, hivyo zimeingia vibanjani baada ya karne ya 15. Halafu bonyeza ganda kwa ukucha. Ukizama, boga ni changa: litakupa maji tu.

Maji ndiyo yanayoharibu mapishi mengi ya boga. Lenye unga likate vipande na ganda lake, tandika majani ya mgomba ndani ya sufuria, mimina maji kidogo, funika kwa majani mengine, liive kwa mvuke. Lile tamu liingie kwenye ndizi na maharage, lakini mwishoni, ndizi zikikaribia kuiva. Likitangulia litavurugika lote. Mimi hulipenda zaidi likipondwa na karanga za kusaga.

Majani machanga menya nyuzi kwanza, ndipo uyakate. Mbegu zikaushe, uzikaange na chumvi. Wanaozitupa wanatupa kitafunwa cha bure.

Kuhifadhi ni kazi Bukoba, ambako mvua hufikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Vuna boga na kikonyo chake, usilibebe kwa kukishika, maana kikikatika uozo hupitia hapo. Liweke juu ya mbao, pakavu, penye hewa, lisigusane na jingine. Hukaa miezi kadhaa. Na mbegu ya kupanda itoe kwenye boga lililokupendeza mdomoni, hata kama lilikuwa dogo kuliko yote.