Pengo, mwanya na ufa

Binti mwenye nafasi kati ya meno mawili ya mbele ya juu husifiwa kwa mwanya. Akianguka jino likang'oka, hapo ana pengo. Nafasi zote mbili ziko kinywani, na huenda zikalingana kwa upana, ila Mswahili hazichanganyi. Mwanya ni wa maumbile. Pale hapajawahi kukaa kitu. Pengo lina historia: palikuwa na jino, sasa halipo.

Kwa hiyo pengo si lazima liwe kasoro. Kwa mila ya Wajaluo, vijana waling'olewa meno sita ya chini. Wamasai waling'oa mawili, na wenyewe hueleza kuwa mgonjwa wa pepopunda, aliyekaza taya, aliweza kunyweshwa kupitia hapo. Lilitafutwa kwa makusudi, na bado ni pengo.

Maana hiyo imetoka kinywani ikaingia maofisini. Mwalimu akihama huacha pengo, na mkuu wa shule hutafuta wa kuliziba. Mwanya, kwa upande wake, hupitisha. Ndiyo maana tunasema mianya ya rushwa na mianya ya kukwepa kodi: fedha hupenya hapo. Sheria yenye pengo imekosa kifungu kinachohitajika. Sheria yenye mwanya ina mahali mjanja anapoponyokea, hata kama vifungu vyote vimo.

Ufa ni habari nyingine: kitu kizima kimepasuka bila kumeguka. Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere, akizungumza na waandishi wa habari jijini Dar es Salaam, alizifananisha hatari zilizoikabili Tanzania, zikiwemo rushwa, udini na ukabila, na nyufa za nyumba iliyotikiswa na tetemeko. Angesema mapengo, ingekuwa matofali yameshadondoka. Nyumba yenye nyufa bado imesimama, na fundi ana kazi ya kufanya.

Kinachoniudhi ni "pengo kati ya matajiri na maskini", lililojaa siku hizi katika taarifa za habari. Kati yao kiling'oka nini? Neno tofauti lipo na linatosha. Tena anayeliandika hulazimika kutaja ni tofauti ya nini, mapato, ardhi au matibabu, ilhali pengo humwachia mwandishi anyamaze.