Vijilango Vinavyopiga Ngoma Ubongoni

Mdogo wangu alichapwa shuleni mara nyingi eti kwa kuota mchana. Alikuwa akisoma, ghafla ananyamaza, macho yameganda kama sekunde 10 hivi, kisha anaendelea bila habari. Nyumbani tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Mama alipompeleka hospitalini tukaambiwa ni kifafa, ile aina isiyomwangusha mtu.

Hebu tukumbuke kemia. Seli za ubongo zina utando wenye vijilango vya kupitishia ioni: sodiamu, potasiamu, kalisi. Ioni zina chaji, kwa hivyo zikipita, basi umeme umepita. Seli nyingi zikifanya hivyo kwa pamoja, mawimbi hunaswa hata juu ya ngozi ya kichwa. Hans Berger wa Ujerumani aliyanasa kwa binadamu mwaka 1924. Ukitulia na kufumba macho, huwa 8 hadi 13 kwa sekunde.

Sasa ndani kabisa, penye thalamasi, kuna vijilango vya kalisi vya ajabu: seli isipopumzika kwanza, havifunguki. Ikishapumzika, seli hulipuka, hunyamazishwa na jirani zake, hupumzika, hulipuka tena. Usingizini mdundo wa namna hii ni kawaida. Kwa mdogo wangu ulikuja mchana, mara 3 hivi kwa sekunde, na fahamu ikakatika.

Dawa yake, ethosuksimaidi, hupunguza kalisi inayopita humo. Siku hizi anasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nilimwomba msamaha kwa kumcheka. Akaniuliza, "Ulinicheka lini?"