MAPENZI YASIYO NA PUPA

Wako wazee wetu ambao, wakimwona binti ameinamia riwaya ya mapenzi, humpokonya kabla ya kumuuliza kitabu kinasema nini. Hatuwalaumu kwa kuchunga. Tunalosema ni kwamba neno "mapenzi" juu ya jalada halitoshi kuwa hukumu, na kwamba waandishi Waislamu wa zama hizi wametunga aina ya riwaya ambayo ingefaa wazee hao waisome wenyewe.

Riwaya hizo huenda taratibu. Mwanamume na mwanamke hukutana katika kurasa za mwanzo, na pengine mpaka kitabu kinakaribia kwisha hawajashikana mikono. Asiyezoea hudhani mwandishi anazungusha maneno. Sivyo. Sheria yetu imemruhusu mposaji kumwona anayemposa, ikakataza faragha ya wawili wasio maharimu, ikaweka walii, mahari na ridhaa. Mwandishi anayeishika mipaka hiyo hana budi kutujulisha watu wake kwa njia nyingine: mazungumzo, ukimya, namna mtu anavyomtendea mamaake, namna anavyokiri kosa. Msomaji hujua tabia kabla ya sura.

Tuchukue "The Translator" ya Leila Aboulela, mwandishi aliyekulia Khartoum, iliyotoka mwaka 1999. Sammar, mjane wa Kisudani, anafasiri Kiarabu katika chuo kikuu huko Aberdeen, Uskoti. Moyo wake unamwelekea Rae, mwalimu mjuzi wa mambo ya Mashariki ya Kati, ambaye si Muislamu. Mazungumzo yao mengi ni ya simu. Safari ya kwenda kwao inapokaribia, Sammar anamtaka Rae atamke shahada ili waoane; Rae hawezi kutamka asilokuwa na yakini nalo. Wanaachana. Ni baadaye, akiwa Khartoum, ndipo Sammar anapotambua kwamba uongofu wa Rae aliutaka kwa manufaa yake mwenyewe, akaanza kumwombea kwa ajili ya Rae. Kuchelewa huko si pambo la hadithi. Lau Rae angelikubali siku ile, ndoa yao ingelijengwa juu ya uongo.

Naye Uzma Jalaluddin wa Kanada, katika "Ayesha at Last" ya mwaka 2018, ameichukua riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813 akaihamishia kwa Waislamu wa Toronto. Khalid, kijana wa ndevu na kanzu, anaamini kuwa mamaake ndiye atakayemchagulia mke. Ayesha, mwalimu anayependa kutunga mashairi, anamwona mtu mgumu. Kila mmoja amemhukumu mwenziwe kwa yanayoonekana kwa nje, na hukumu hizo zinavunjwa moja moja.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa Unguja na Pemba. Tumezijua ndoa mbili mbaya: ile ya pupa, na ile inayopangwa barazani bila ya binti kuulizwa. Riwaya ya taratibu huzikataa zote mbili. Humfunza kijana kusubiri, na humfunza mzee kwamba ridhaa si kuinamisha kichwa mbele ya wageni.

Kuchoma vitabu hakufunzi hata moja katika hayo. Mwaka 2007, huko Kano, kaskazini ya Nigeria, gavana Ibrahim Shekarau alichoma hadharani riwaya za mapenzi katika shule ya wasichana. Lakini miongoni mwa waandishi wa riwaya za Kihausa wa Kano yumo Balaraba Ramat Yakubu, aliyeozwa angali mtoto, na kalamu yake imezipinga ndoa za kulazimishwa. Moto haubagui.

Tunawaomba basi wakuu wa elimu na wa maktaba wasome kabla ya kukataza. Visiwa vilivyowatoa Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi havikosi kalamu ya kuandika, kwa Kiswahili chetu, posa yenye heshima na moyo ndani yake. Tukiwanyima vijana kitabu hicho, hawatakaa bila ya mapenzi; watayatafuta ndani ya simu, na humo hamna mshenga wala walii.