Kanuni Nje ya Programu: Jinsi Kompyuta Inavyofuata Sheria Inayobadilika

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husimama Bungeni mjini Dodoma na kusoma hotuba ya bajeti. Baada ya mjadala hupitishwa Sheria ya Fedha, na ifikapo tarehe 1 Julai viwango kadhaa vilivyotumika jana yake hukoma, na vingine huanza. Mwaka 2021, kwa mfano, kiwango cha chini cha kodi ya mapato inayokatwa kwenye mishahara Tanzania Bara kilishushwa kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8. Kwa msikilizaji wa redio hiyo ilikuwa habari ya sentensi moja. Kwa kompyuta inayotayarisha mishahara ilikuwa ni amri iliyopaswa kufika mahali pake ndani ya programu, kwa tarehe iliyotajwa, bila kuharibu kitu kingine chochote.

Mtunga programu anaweza kuiandika asilimia hiyo moja kwa moja katikati ya maagizo ya programu yake. Njia hii ni nyepesi siku ya kwanza. Lakini namba 9 haikai mahali pamoja: hurudiwa katika hesabu ya mshahara, katika taarifa ya mwezi, na katika majumuisho ya mwaka. Julai ikifika hapana budi maagizo yote yapekuliwe, yarekebishwe, yajaribiwe upya na kupakiwa tena kwenye seva, yaani ile kompyuta ya nyuma ambayo mtumiaji haioni lakini ndiyo inayofanya kazi. Sehemu moja ikisahauliwa, mwalimu wa Kondoa atakatwa kiasi kimoja huku karatasi yake ya mshahara ikionyesha kingine.

Njia ya pili ni kuzitoa kanuni nje ya programu. Programu hubaki na kazi ya kusoma majina, kutunza kumbukumbu na kuandaa malipo. Kanuni zenyewe huwekwa kando kama taarifa nyingine zozote, na kila kanuni huwa na sehemu nne: sharti, mtajo wa hesabu, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Chini ya viwango vya Julai 2021, pato la mwezi linalotozwa kodi, ambalo hapa litaitwa K, halikatwi kitu likiwa halizidi shilingi 270,000. Kati ya hapo na 520,000 hutozwa asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Likizidi 520,000 hadi kufikia 760,000, kodi ni shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Ngazi mbili za juu, zinazogawanywa na shilingi 1,000,000, hufuata mtindo huohuo kwa asilimia 25 na 30.

Sasa mtajo wa ngazi ya tatu, 20,000 + 0.2 × (K − 520,000), kwa kompyuta ni mfululizo wa herufi tu, sawa na jina la mtu. Ni lazima kiwepo chombo cha kuusoma na kuugeuza kuwa hesabu. Chombo hicho huitwa kikokotoa mitajo. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua kanuni ya MAGAZIJUTO: mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Kompyuta nayo huifuata, ila kwa uangalifu zaidi ya neno lenyewe. Mtoto anayelishika neno hilo kama lilivyo atasema 10 − 4 + 3 ni 3, kwa kuwa amejumlisha kwanza. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, nayo kompyuta huenda kutoka kushoto kwenda kulia na kupata 9.

Mbinu mashuhuri ya kazi hii ilielezwa mwaka 1961 na Mholanzi Edsger Dijkstra, nayo imepewa jina la uwanja wa kupangia mabehewa ya reli. Mkazi wa Dodoma, mji uliofikiwa na Reli ya Kati mwaka 1910, hatapata taabu kuuelewa mfano huo. Namba hupita moja kwa moja kama mabehewa yanayoendelea na safari. Alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya huingizwa katika njia ya pembeni na kusubiri, mpaka ijulikane kwamba hakuna alama yenye cheo kikubwa zaidi inayopaswa kutangulia. Mwishoni mtajo wetu hutoka umepangwa hivi:

20,000   0.2   K   520,000   −   ×   +

Mabano yametoweka, kwa sababu mpangilio wenyewe sasa unaeleza lipi lifanywe kwanza. Chukua mwalimu wa kufikirika mwenye mshahara wa shilingi 800,000. Asilimia 5 ya mchango wake wa pensheni, yaani 40,000, huondolewa kwanza, hivyo K ni 760,000. Kompyuta huzirundika namba moja juu ya nyingine kama sahani. Ikikutana na alama ya kutoa huchukua mbili za juu, 760,000 na 520,000, na kuacha 240,000. Alama ya kuzidisha huchukua 0.2 na 240,000 na kuacha 48,000. Alama ya kujumlisha humalizia: kodi ni 68,000. Kwa viwango vya mwaka uliotangulia ingekuwa 70,500.

Tofauti hiyo ya shilingi 2,500 ndiyo inayoonyesha thamani ya zile tarehe mbili. Mkaguzi akitaka leo kuhakiki makato ya Mei 2021, programu inapaswa kuichagua kanuni iliyokuwa hai mwezi huo. Anayefuta kanuni ya zamani na kuandika mpya juu yake ameipotezea ofisi kumbukumbu yake.

Kanuni zikiwa nyingi na zikitegemeana, kikokotoa peke yake hakitoshi. Hapo ndipo injini ya kanuni inapohitajika. Kanuni moja husema: ikiwa mwajiriwa ni mwanachama wa mfuko wa pensheni, kata mchango. Ya pili husema: ikiwa mchango umejulikana, tafuta K. Ya tatu: ikiwa K imejulikana, tafuta kodi. Ya nne humhusu anayedaiwa mkopo wa elimu ya juu, naye hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hakuna aliyeiambia injini ianze na ipi. Kila taarifa mpya inapopatikana huziamsha kanuni zilizokuwa zikiisubiri. Tatizo ni kwamba kuzikagua kanuni zote kila taarifa inapobadilika huchosha hata kompyuta. Charles Forgy wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alilitatua katika miaka ya 1970 kwa mbinu aliyoiita Rete, neno la Kilatini lenye maana ya wavu: injini hukumbuka ni masharti gani yamekwisha kutimia, na hupima upya yale tu yaliyoguswa. Hupata kasi kwa kutumia nafasi zaidi ya kumbukumbu.

Isidhaniwe kwamba kila programu inahitaji injini ya namna hiyo. Ngazi tano za kodi ni jedwali la mistari mitano, na jedwali latosha. Kuna pia hatari ambayo mara nyingi haitajwi na wanaoisifu njia hii. Anayeruhusiwa kuandika kanuni ameruhusiwa kugusa fedha za watu. Kikokotoa kinachokubali agizo lolote la programu, badala ya namba, majina yaliyoidhinishwa na alama za hesabu, kinaweza kutumiwa kusoma au kufuta mafaili ya seva. Kwa hiyo lugha ya mitajo hufanywa finyu kwa makusudi, na kanuni inayoandikwa na mtu mmoja huidhinishwa na mwingine kabla ya kuanza kutumika.

Tena hujaribiwa, hasa mipakani. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa ubao na chaki. Waandike wanafunzi kanuni mbili: ya kwanza kwa K iliyo zaidi ya 270,000 na chini ya 520,000, ya pili kwa K iliyo zaidi ya 520,000 na isiyozidi 760,000. Kisha waulizwe kodi ya mtu ambaye K yake ni 520,000 kamili. Mitajo yote miwili humpa 20,000, lakini hakuna sharti linalomhusu, na mshahara wake utapita bila kukatwa hata senti.