Barbara Mikulski: Kutoka Ofisi ya Ustawi wa Jamii Hadi Seneti

Mara nyingi sisi akina mama tumeambiwa kwamba siasa ni mchezo mchafu, na kwamba mwanamke anayemcha Mungu hana la kutafuta huko. Wengi wetu tumelikubali neno hilo bila kulichunguza. Lakini bei ya unga, dawa za zahanati, na haki ya mjane kubaki katika nyumba yake ni mambo yanayoamuliwa na watu waliochaguliwa. Tukijitenga, yataamuliwa bila sisi.

Mwezi huu tunawaletea habari za Mkatoliki mmoja wa Marekani, aliyeanza kazi akiwa afisa ustawi wa jamii, akastaafu baada ya kuwa seneta kwa miaka 30.

Binti wa mwenye duka

Barbara Mikulski alizaliwa tarehe 20 Julai 1936 katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, akiwa wa kwanza kati ya mabinti watatu. Ukoo wake ulitoka Poland, na mtaa wao ulikuwa wa watu wa viwandani. Wazazi wake walikuwa na duka la vyakula. Baba alilifungua alfajiri, ili wafanyakazi wa kiwanda cha chuma wanunue chakula chao cha mchana kabla ya kuingia zamu. Hivyo Barbara alijifunza mapema kwamba jirani si mteja tu.

Alisomeshwa na masista, na kwa muda alifikiria kuwa mtawa. Hatimaye alichagua kazi ya ustawi wa jamii, akapata shahada yake ya pili katika fani hiyo mwaka 1965. Alilitumikia shirika la misaada la Kanisa Katoliki, na pia idara ya ustawi wa jamii ya mji wake. Alishughulika na watoto waliokuwa hatarini, na wazee waliohitaji kueleweshwa haki zao za matibabu.

Kazi hiyo hata sisi tunaifahamu. Ndiyo ofisi anayoikimbilia mama aliyetelekezwa na watoto. Afisa mzuri husikiliza kwanza, huenda kuona hali nyumbani, kisha hufuatilia mpaka jambo lipate mwisho. Mikulski aliingia katika siasa na mazoea hayohayo.

Barabara iliyotaka kuvunja nyumba

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakubwa wa mji walikusudia kupitisha barabara kuu katika mitaa ya Fells Point na Canton, karibu na bandari. Nyumba za watu wa kipato cha chini zingebomolewa. Upande wa magharibi wa mji, familia za Wamarekani Weusi zilikabiliwa na hatari hiyohiyo.

Mikulski aliwakusanya majirani, wakaanzisha chama cha kuipinga barabara. Watu wa mashariki na wa magharibi, weupe kwa weusi, wakashirikiana. Huko magharibi kipande cha barabara kilijengwa, na familia nyingi zikapoteza makao yao. Lakini Fells Point ilisalimika, na barabara ile haikupita hapo kamwe.

Majirani waliona kwamba dada huyu mfupi wa kimo alikuwa na sauti. Mwaka 1971 alichaguliwa kuingia katika baraza la mji, baada ya kubisha hodi mlango kwa mlango. Mwaka 1974 aligombea Useneti akashindwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1976 alishinda kiti katika Baraza la Wawakilishi, na mwaka 1986 akashinda Useneti. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa chama cha Democratic kuchaguliwa seneta bila kurithi kiti cha mumewe. Alipoapishwa Januari 1987, kati ya maseneta 100 wanawake walikuwa wawili tu.

Sheria iliyookoa wake

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi tulioolewa. Nchini Marekani, mzee akiugua kwa muda mrefu huweza kupelekwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, na gharama yake ni kubwa mno. Serikali huwalipia maskini kupitia mpango uitwao Medicaid. Lakini zamani, kabla mume hajasaidiwa, wanandoa walitakiwa kutumia karibu akiba yao yote. Mume alitunzwa, naye mke aliyebaki nyumbani akaachwa fukara uzeeni, baada ya kuweka akiba maisha yake yote.

Baba yake Mikulski mwenyewe alipatwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaoondoa kumbukumbu. Kwa hiyo taabu ya familia za namna hiyo hakuijua kwa kusimuliwa tu. Alipigania sheria, ikapita mwaka 1988, ikimruhusu mwenzi aliyebaki nyumbani kuendelea kukaa katika nyumba yao na kuweka sehemu ya akiba na mapato. Mwaka uliofuata Bunge lilifuta sehemu kubwa ya sheria pana iliyokuwa na kifungu hicho, lakini kifungu chenyewe kikabakizwa. Tena tukumbuke: Mikulski hakuolewa. Aliwapigania wake za watu kwa sababu alikuwa amewasikiliza.

Katika afya alifanya vivyo hivyo. Uchunguzi mmoja mashuhuri juu ya aspirini na maradhi ya moyo ulikuwa umetumia madaktari zaidi ya 22,000, wote wanaume. Yeye na wabunge wenzake wanawake wakadai wanawake nao wahesabiwe, na mwaka 1993 jambo hilo likawa sheria. Sheria nyingine, ya 1992, aliyoisimamia yeye, iliweka masharti ya ubora kwa vituo vinavyopiga picha za matiti kutafuta saratani.

Si wote walimwafiki. Katika suala la utoaji mimba, kwa mfano, msimamo wake ulipingana na mafundisho ya kanisa lake. Hatulifichi hilo. Twaweza kutokubaliana na mtu katika jambo zito, na bado tukajifunza kutokana na bidii yake.

Alistaafu Januari 2017. Katika Seneti aliyoiacha wanawake walikuwa 20.

Nasi tufanye nini?

Si kila mmoja wetu ataitwa kugombea. Lakini kila mtaa una barabara yake inayotishia nyumba za wanyonge: mjane anayenyang'anywa shamba na ndugu wa mume, kisima kilichoharibika, binti aliyeachishwa shule. Kikundi cha akina mama kinachokutana kila wiki kwa sala kinaweza pia kuuliza: nani kati yetu ana shida, na ofisi gani inahusika? Kisha wachaguliwe wawili waende, na wakirudi mikono mitupu waende tena, kama yule mjane wa Injili ya Luka ambaye hakuchoka kumwendea kadhi dhalimu.

Na ikitokea kati yetu mmoja mwenye sauti na moyo wa kusikiliza, tusiwe wa kwanza kumkatisha tamaa. Tumwombee, tumpigie kura, na siku za kampeni tumsaidie kulea watoto wake.