Karema: Ngome, kanisa na ziwa lililoukimbia ufuko

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

WATALII wanaokwenda Saint Petersburg, nchini Urusi, hufuata makanisa, makasri ya wafalme na mifereji ya mji ulioanzishwa mwaka 1703. Wanaokuja Katavi hufuata viboko na twiga wa hifadhi ya taifa, kisha hurejea makwao.

Ni wachache wanaofahamu kuwa magharibi mwa Mpanda, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, ipo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Nako kuna ngome, kanisa na maji, na kila kimoja kina kisa chake.

Kisa cha ngome kinaanzia Ulaya. Mwaka 1876, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliitisha mkutano mjini Brussels, ambako kiliundwa chama cha kimataifa kilichojinadi kuwa cha uchunguzi wa Afrika na kupinga utumwa. Miaka mitatu baadaye, ofisa wake, Ernest Cambier, alifika Karema na kujenga kituo.

Kwa kuwa mizigo yote ilibebwa vichwani na wapagazi kutoka pwani, chama hicho kilijaribu njia nyingine. Mwaka 1879 tembo wanne wa India waliteremshwa Msasani, Dar es Salaam, wakaanza safari ya kuja ziwani. Baadhi walifia njiani. Kiongozi wao, Frederick Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880, na jaribio hilo likafa naye.

Baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Leopold alielekeza nguvu zake Kongo. Karema ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, nao wakaigeuza ngome kuwa misheni.

Wakati huo misafara ya watumwa ilikuwa ikivuka ziwa kutoka Kongo. Wamisionari waliwakomboa baadhi yao, wengi wakiwa watoto, wakawaweka katika vijiji vya Kikristo. Hata hivyo, waliokombolewa hawakuwa na hiari kamili. Maisha yao yaliongozwa na kanuni za misheni.

Anayestahili kukumbukwa zaidi ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa, kisha akakombolewa na mapadre. Alisomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki dunia mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa akawa tabibu wa watu kwa zaidi ya miaka 60.

Karema ikawa pia makao ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyefariki mwaka 1917. Jimbo la Karema lilibadilishwa jina na kuwa la Sumbawanga mwaka 1969, na mwaka 2000 likazaliwa Jimbo la Mpanda.

Mgeni anaweza kushangaa kuona ngome ikiwa mbali na maji, ilhali ilijengwa jirani na ufuko. Sababu ni Mto Lukuga, njia pekee ya ziwa kutoa maji, iliyoko upande wa Kongo. Ulikuwa umezibwa kwa matope na majani, na ziwa likajaa. Kizuizi kilipovunjika mnamo 1878, maji yalianza kushuka, na katika miaka kama 15 yalipungua kwa takriban meta 10. Waliojenga hawakujua kuwa ziwa lilikuwa likiondoka.

Sasa Karema ina bandari mpya inayotazamana na Kalemie, na wasafiri wataongezeka. Lakini kuta hazisemi zenyewe. Bila mtu wa kueleza, mpita njia ataona matofali ya zamani tu, na waliopitishwa hapo wakiwa wamefungwa minyororo watasahaulika.

Anayekwenda aombe ruhusa parokiani kwanza, kwani pale bado ni mahali pa ibada.