Si Uholanzi, ni Marekani: Ufahamu mji wa Holland, kipi cha kale na kipi kililetwa juzi

Ukimuona mtu amepiga selfie mbele ya kinu cha upepo, pembeni maua ya tulipu kibao na mabinti wamevaa viatu vya mbao, usikimbilie kusema yuko Uholanzi. Inawezekana yuko Marekani, jimbo la Michigan, kwenye mji unaoitwa Holland.

Mji huu uko kando ya Ziwa Macatawa, ziwa dogo linalofungukia Ziwa Michigan. Kutoka Chicago ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari. Kutoka Grand Rapids, ambako wanaishi Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, haifiki hata saa moja. Kwa hiyo kama una ndugu huko, hii ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Ila kuna jambo moja wageni wengi hawalijui. Vitu vinavyopigwa picha sana mjini hapa vililetwa baadaye. Vile walivyoacha waanzilishi wenyewe, watu wengi huvipita tu bila kuviangalia.

Waliufikaje?

Februari 1847, mchungaji Albertus van Raalte alifika hapa na kundi la Waholanzi. Walikuwa wamejitenga na kanisa la taifa lao na wakasumbuliwa kwa ajili hiyo. Juu ya hayo, ugonjwa wa viazi ulikuwa umeleta njaa kwao. Awali walipanga kwenda Wisconsin, lakini baridi ikawakwamisha Detroit, na hapo ndipo van Raalte akaamua kutafuta ardhi Michigan.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wenyeji wa jamii ya Odawa walikuwa na makazi na misheni yao hapo. Ndani ya miaka miwili hivi baada ya wageni kufika, wenyeji hao walihamia kaskazini mwa Michigan. Hii ni sehemu ya historia ya mji ambayo huwezi kuiona kwenye picha za maua.

Anza na mfereji

Ziwa Macatawa lilikuwa limezibwa na mchanga, meli kubwa haziwezi kuingia. Walowezi waliomba msaada serikalini, ukachelewa. Wakashika sepetu na kuchimba wenyewe njia ya maji hadi Ziwa Michigan, miaka ya mwisho ya 1850. Boti unazoziona leo zikipita pale zinatumia njia iliyoanza kwa jasho hilo.

Kitu kingine cha kweli kabisa ni kanisa lenye nguzo kubwa mbele, Pillar Church, lililojengwa 1856. Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, siku zile zile Chicago nayo ilipokuwa inaungua. Kanisa hili likapona. Jirani yake kuna chuo cha Hope College, kilichosajiliwa 1866, ambacho nacho kinatokana na walowezi hao.

Tulipu je?

Zilikuja miaka 80 baadaye. Mwaka 1927 mwalimu wa baiolojia, Lida Rogers, alipendekeza mji upande tulipu. Mwaka uliofuata vikapandwa vitunguu vya tulipu 100,000, na 1929 tamasha la Tulip Time likaanza. Hufanyika kila Mei.

Maua haya hayajioti yenyewe. Kila mwaka watu hupanda upya, na hufanya hivyo vuli kwa sababu tulipu inahitaji kipindi cha baridi chini ya udongo ndipo ichanue masika. Ukienda, angalia kwa macho na piga picha. Usichume hata moja, kuna faini!

Kwenye tamasha utaona wanafunzi wa sekondari wakicheza barabarani na viatu vya mbao. Mtu wa pwani ataviona kama binamu wa mtalawanda. Siku hizi si wote wana damu ya Kiholanzi. Karibu robo ya wakazi wa Holland ni Walatino, familia nyingi zikiwa zilikuja kufanya kazi mashambani, na watoto wao nao wamo kwenye ngoma hiyo.

Kinu ni cha kweli, ila kilisafirishwa

Kinu cha De Zwaan kiko kwenye bustani ya Windmill Island. Kilinunuliwa Uholanzi, kikafunguliwa vipande vipande, kikaletwa kwa meli 1964 na kuzinduliwa 1965. Serikali ya Uholanzi ilikuwa imezuia vinu vyake vya kale visitoke nchini, lakini hiki kiliruhusiwa kwa kuwa kilikuwa kimeharibika vitani. Bado kinasaga ngano, na unga wake unauzwa hapo hapo.

Mambo ya kuzingatia ukienda

• Saa: Holland iko mbele ya Chicago kwa saa moja. Ukisahau hilo, unaweza kukosa treni ya kurudi.

• Mnara mwekundu wa taa, maarufu kama Big Red: upande wake wa kusini unapita kwenye eneo la watu binafsi, kuingia kuna masharti. Picha nzuri piga ukiwa upande wa kaskazini, Holland State Park. Gari linalipiwa kuingia. Rangi yake si urembo, ni alama kwa manahodha: mnara ulio kulia kwa meli inayoingia bandarini hupakwa nyekundu.

• Kuogelea: Ziwa Michigan halina chumvi, lakini usilidharau. Ni kubwa kiasi kwamba ng'ambo huioni, na karibu na gati kuna mikondo inayovuta watu. Bendera nyekundu ikipandishwa, baki mchangani, hata kama unajua kuogelea vizuri.

• Baridi: hata Januari katikati ya mji panatembelika. Chini ya barabara na njia za miguu kuna mabomba ya maji ya moto yanayoyeyusha theluji, yakitumia joto la mtambo wa umeme wa mji.

• Mei: vyumba hujaa, na maua hayafuati kalenda. Masika yakiwahi, unaweza kukuta vikonyo vitupu. Ulizia hali ya maua kabla ya kulipia.

Cha kuondoka nacho

Kizazi cha kwanza hapa kilikuwa na kazi ya kuchimba na kujenga. Waliofuata ndio walioleta tulipu na kinu, vitu vinavyoukumbusha mji Uholanzi wa waanzilishi wake. Ukiwa na watoto wanaokulia ugenini, na lugha ya nyumbani imeanza kuwatoka, utawaelewa watu hawa haraka. Wanapanda upya kila mwaka kwa sababu wakiacha msimu mmoja tu, Mei inayofuata barabara zitabaki na majani matupu.